Kutambua Hatari ya Utapiamlo kwa Mtoto wa Figo Aliyelazwa: Mwongozo Kamili

Siku ya sita wodini, mama wa kitanda cha dirishani aliniita kwa furaha: "Dada, njoo uone, mwanangu amepungua!" Kweli alikuwa amepungua. Uso uliokuwa umevimba hadi macho hayafunguki ulikuwa umerudi, na mizani ilionyesha kilo 4.3 pungufu ya siku aliyolazwa. Nikamvua shati ili nipime mkono, nikaziona mbavu zake moja moja. Mtoto yule alikuwa amekonda tangu alipoingia. Maji yalimfunika, na kwa siku sita sisi tulikuwa tumeandika kwenye faili: hali ya lishe nzuri.

Tangu siku hiyo sijauamini uzito wa mtoto wa figo kabla sijambonyeza miguu. Mwongozo huu nimeuandika kwa muuguzi, afisa lishe na daktari kijana anayezunguka wodi za watoto hapa Dar es Salaam. Mzazi anayelala na mtoto wake wodini naye ataelewa tunachokitafuta tunapomsumbua kwa maswali.

Hatua ya 1: Fanya ndani ya saa 24

Uchunguzi wa awali wa lishe si tathmini kamili. Ni maswali machache na vipimo vya haraka vya kujua ni mtoto yupi asisubiri. Ukiwa na utepe wa mkono, mizani na ubao wa urefu, unamaliza kwa dakika kumi au kumi na tano. Ufanye siku ile ile anapolazwa, kabla dawa za kupunguza maji hazijabadilisha mwili na kabla mama hajasahau mtoto alikula nini wiki iliyopita.

Afanye nani? Yeyote aliyefundishwa, na kwa kweli muuguzi anayempokea mtoto ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Ukisubiri afisa lishe azunguke Jumatatu wakati mtoto amelazwa Ijumaa usiku, siku tatu zimepotea.

Hatua ya 2: Bonyeza kwanza, pima baadaye

Weka kidole gumba juu ya kila mguu, bonyeza kwa sekunde tatu, kisha achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, kuna uvimbe wa maji. Uvimbe wa nyayo tu ni alama moja ya kujumlisha (+). Ukipanda miguuni na kufika mikononi ni mbili, na ukienea mwili mzima pamoja na uso ni tatu. Mtoto aliyelala muda mrefu mbonyeze pia mgongoni chini, karibu na makalio, maana maji hufuata upande aliolalia. Mvulana mwangalie na korodani.

Sasa lipo swali ambalo lisipojibiwa mapema huharibu kila kitu kinachofuata: huu uvimbe ni wa figo, au ni kwashakoo? Katika miongozo ya utapiamlo, uvimbe wa miguu yote miwili peke yake unatosha kumwita mtoto mwenye utapiamlo mkali, lakini miongozo hiyo inadhani ugonjwa mwingine umeshaondolewa. Kwa hiyo chukua mkojo, chovya kijiti cha kupimia. Protini ikiwa alama tatu (+++) au zaidi, mawazo yaende kwenye figo, hasa ugonjwa wa nefrotiki, ambao figo huvujisha protini. Kijiti kikiwa safi, tazama nywele zilizobadilika rangi na kung'oka bila maumivu, ngozi inayobanduka, mtoto mnyonge asiyetaka kuguswa. Hizo ni dalili za kwashakoo. Uvimbe wa nefrotiki mara nyingi huanzia machoni asubuhi, na mtoto huweza kuwa mchangamfu kabisa.

Uangalifu huu una sababu. Mtoto wa kwashakoo akidhaniwa wa figo ataanzishiwa dawa za kukojoa, naye hapaswi kupewa ili kutoa uvimbe wake. Na mtoto ambaye figo zimefeli akidhaniwa wa kwashakoo ataanzishiwa maziwa ya tiba na chakula dawa vyenye potasiamu nyingi, figo zishindwe kuitoa, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Tena usisahau kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Familia yenye dhiki haipewi nafuu na figo.

Hatua ya 3: Tafuta uzito tatu, usikubali mmoja

Mvue mtoto nguo, weka mizani kwenye sifuri, soma hadi gramu 100. Andika saa, na andika "na uvimbe" au "bila uvimbe" pembeni ya namba. Maneno hayo mawili yangetuokoa kwa yule mtoto wa dirishani.

Huo ndio uzito wa leo. Uzito wa pili ni wa kabla ya ugonjwa. Kadi ya kliniki ndiyo rafiki yako hapa, hata kama kona zimeliwa na maji ya mvua. Kwa mtoto mkubwa tafuta daftari la matibabu, karatasi ya rufaa kutoka hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, au uzito ulioandikwa alipopewa dawa duka la dawa au zahanati. Kumbuka kila kituo kina mizani yake, kwa hiyo tofauti ya gramu mia mbili au tatu isikuhangaishe.

Uzito wa tatu hauupati siku ya kwanza. Ni uzito mkavu: namba ya chini kabisa anayofikia baada ya uvimbe kwisha na shinikizo la damu kutulia. Mtoto anayefanyiwa dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa, daktari wa figo huukadiria na kuurekebisha mara kwa mara. Protini, nishati na dawa nyingi hukokotolewa kwa uzito mkavu. Ukikokotoa kwa uzito wenye maji utampa mtoto namba za mtoto mwingine.

Uzito ukipanda kilo nzima kwa siku moja au mbili, hayo ni maji. Hakuna mtoto anayejenga kilo ya nyama kati ya Jumanne na Alhamisi.

Chukulia mfano wa yule mtoto wetu, mvulana wa miaka minne. Aliingia na kilo 17.4. Daftari lake la miezi mitatu nyuma lilisema 14.8. Aliyesoma haraka aliona mtoto ameongezeka kilo mbili na nusu. Uvimbe ulipokwisha alikuwa na 13.1. Ukilinganisha 13.1 na 14.8, amepoteza kilo 1.7, yaani zaidi ya asilimia 11 ya mwili wake katika miezi mitatu ambayo angepaswa kukua.

Hatua ya 4: Mkono na urefu

Mzingo wa mkono pima mkono wa kushoto, katikati kati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia bila kukazwa. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Kwa miaka 5 hadi 9 mipaka inayotumika sana ni 13.5 na 14.5, na kwa miaka 10 hadi 14 ni 16.0 na 18.5.

Mkono wa juu huchelewa kuvimba, ndiyo maana unatufaa kuliko mizani. Hata hivyo ubonyeze kabla ya kuupima. Shimo likibaki mkononi, basi ile namba ni dari: mkono wake halisi ni mwembamba kuliko utepe unavyosema. Ukisoma 12.3 kwenye mkono uliovimba, usijadiliane na utepe, huyo yuko hatarini. Ukisoma 14, andika, kisha rudia uvimbe ukiisha.

Urefu: chini ya miaka 2 mlaze kwenye ubao, zaidi ya hapo asimame. Ugonjwa wa figo wa muda mrefu hudumaza. Asidi inayojikusanya kwenye damu hula misuli, mifupa hukosa vitamini D inayofanya kazi, na prednisoloni, dawa ya kutibu nefrotiki, ikitumiwa muda mrefu hupunguza kasi ya kukua. Mtoto mfupi kuliko mdogo wake anayemfuata ni taarifa ya lishe, iandike hata kama wazazi wake ni wafupi.

Kitu kimoja zaidi: usitumie albumini, protini kuu ya damu, kama kipimo cha lishe ya mtoto wa nefrotiki. Imeshuka kwa sababu inatoka na mkojo. Nimeona mtoto akilishwa mayai manne kwa siku ili albumini ipande. Haipandi kwa mayai. Inapanda pale dawa inapoziba uvujaji.

Hatua ya 5: Zungumza na anayemlisha

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wetu huharakisha. Ukiuliza "Anakula vizuri?" utajibiwa "Anakula." Mama amechoka, amekuja kwa daladala mbili kutoka Chanika, anaogopa kulaumiwa. Jibu lile halina uongo, ila halina habari pia.

Kwanza jua nani humlisha. Mara nyingi mama yuko kwenye biashara yake na bibi ndiye anayeshinda na mtoto. Basi mkalie bibi karibu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, jana asubuhi alikunywa nini?"

"Uji."

"Kikombe hiki, au kile kidogo?"

"Hiki. Lakini alikunywa nusu, akasema unanuka."

Hilo neno "unanuka" lina thamani kuliko vipimo viwili vya maabara. Uchafu wa damu ukipanda, mtoto hupoteza ladha, chakula chote humnukia vibaya, na huanza kutapika asubuhi.

Endelea taratibu. Wiki iliyopita alikuwa anamaliza sahani, nusu, au vijiko vichache? Ametapika mara ngapi kwa siku, ameharisha mara ngapi? Kabla ya kuvimba nguo zilikuwa zinamtosha? Mama wa yule mtoto, tulipomuuliza kwa kuchelewa, alisema suruali ya chekechea ilikuwa imeanza kumvuka kiunoni mwezi mmoja kabla ya uso kuvimba.

Kisha uliza alichokatazwa. Mara nyingi utakuta mtoto ameshapigwa marufuku ya nyama, samaki, maharage na maziwa na jirani, na ndugu, na hata na sisi wahudumu, kwa sababu tu "ana figo". Anabaki na ugali na mchuzi mweupe. Njaa ya namna hii huletwa na upendo, kwa hiyo iulize bila kukemea.

Uliza pia alichopewa: dawa za miti, juisi ya bitiruti ya kuongeza damu, madafu ya kusafisha mkojo. Mkemee mtu na hatakwambia tena. Mwambie, "Bibi, nataka kujua vyote alivyomeza ili dawa zetu zisigombane navyo," naye atafungua kanga atoe kichupa.

Hatua ya 6: Jumlisha alama

Kwa wodi zetu napendekeza STRONGkids, kifaa kilichotoka Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010, kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 18. Hakihitaji chati wala kikokotoo. Kina maswali manne:

- Ukimtazama, amepoteza mafuta au misuli, au uso umebonyea? Ndiyo ni alama 1.
- Ana ugonjwa wenye hatari kubwa ya lishe, au anasubiri upasuaji mkubwa? Alama 2. Ugonjwa sugu wa figo umo kwenye orodha.
- Anaharisha mara tano au zaidi kwa siku, anatapika zaidi ya mara tatu, amekula kidogo siku za karibuni, maumivu yanamzuia kula, au alishapewa ushauri wa lishe kabla? Lolote kati ya hayo ni alama 1.
- Amepungua uzito, au hajaongezeka kama ni chini ya mwaka mmoja? Alama 1.

Sifuri ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ya wastani, 4 au 5 kubwa.

Angalia sasa kinachotokea kwa watoto wetu. Mwenye ugonjwa sugu wa figo anaanza na alama 2 kabla hujamgusa, kwa hiyo hakuna hata mmoja wa hatari ndogo. Hilo ni sawa. Tatizo liko kwenye swali la kwanza na la nne, kwa sababu yote mawili hudanganywa na maji. Yule mvulana alipata 2 za ugonjwa na 1 ya kula kidogo, jumla 3. Uso ulionekana umejaa, uzito ulionekana umepanda. Laiti tungetazama mabega na mbavu badala ya uso, na kuuliza habari ya suruali, angepata 5 siku ya kwanza.

Kwa hiyo kwa mtoto aliyevimba, swali la kwanza lijibu kwa kutazama sehemu ambazo maji huchelewa kufika: mabega, mfupa wa mtulinga, kwapa, juu ya mkono. La nne lijibu kwa historia, usilijibu kwa mizani. Ukibaki na shaka, mpe alama. Mtoto asiye na shida akionwa na afisa lishe hapotezi kitu.

Na mwenye nefrotiki ya mara ya kwanza, ambaye ugonjwa wake haujawa sugu? Sisi tunampa zile alama 2. Vivyo hivyo mwenye figo zilizofeli ghafla kwa malaria kali au kuharisha. Yuko kitandani, hali chakula, na mwili wake unajila.

Hatua ya 7: Alama zikishapatikana, fanya kitu

Alama 4 au 5: daktari na afisa lishe waarifiwe siku hiyo hiyo kwa mdomo, tena iandikwe kwenye faili. Alama 1 hadi 3: mpango wa chakula uanze, na uchunguzi urudiwe baada ya wiki. Uzito wa mtoto wa figo hupimwa kila siku kwa ajili ya maji, vyovyote alama zilivyo.

Usimpunguzie mtoto protini chini ya mahitaji ya umri wake. Mtu mzima ana hesabu yake, mtoto anakua. Wa miaka minne mwenye uzito mkavu wa kilo 15 anahitaji takribani gramu 15 kwa siku; yai moja lina kama gramu 6. Wa dialisisi ya tumbo anahitaji zaidi, kwa sababu protini inatoka na maji yanayowekwa tumboni kusafisha damu kila mara yanapobadilishwa.

Nishati ndiyo inayopungua kwanza. Kijiko cha chai cha mafuta ya kula ndani ya uji huongeza kama kilokalori 40 bila kuongeza maji wala potasiamu. Kwa mtoto aliyewekewa kikomo cha maji, uji mzito kidogo wenye mafuta na sukari ni bora kuliko kikombe kikubwa cha uji mwepesi.

Chumvi ipunguzwe kwa mwenye uvimbe au shinikizo la juu la damu. Hapa hotpoti ya saa ya kuona wagonjwa ndiyo ya kuzungumzia: ng'onda, soseji, kripsi, chipsi za barabarani. Mpishi atumie ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Chumvi mbadala ya dukani mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu, isiingie kabisa.

Potasiamu izuiwe kwa majibu ya maabara, isizuiwe kwa jina la ugonjwa. Mtoto wa nefrotiki ambaye figo bado zinachuja vizuri hana sababu ya kunyimwa ndizi na mchicha. Potasiamu ikiwa juu, ndipo madafu, ndizi, parachichi, juisi ya machungwa, nyanya nyingi na bitiruti visimame. Viazi na mboga vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe. Wali, sembe na kabichi hubaki salama zaidi. Fosforasi ikipanda, punguza dagaa wa kuliwa na mifupa, karanga, maziwa mengi na soda nyeusi. Ule unga wa lishe wa soya, karanga na ulezi tunaousifia kwa watoto wengine, kwa huyu uliza kwanza.

Mbirimbi liache kabisa, achari na juisi yake. Lina asidi ya oksaliki nyingi, na juisi yake ikinywewa kwa wingi imeumiza figo hata za watu waliokuwa wazima.

Kama mtoto ana utapiamlo mkali na figo zimefeli kwa pamoja, maziwa ya tiba na chakula dawa vianze baada ya daktari wa figo na afisa lishe kukaa pamoja, potasiamu na fosforasi zikiwa zimepimwa. Aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa pupa, madini hayo yanaweza kushuka ghafla hata kama jana yalikuwa juu. Anza kidogo, panda taratibu, pima tena.

Hatua ya 8: Rudia, na andika kwa atakayekuja

Kila wiki rudia maswali manne na mkono. Uvimbe ukiisha, rudia siku hiyo hiyo bila kusubiri wiki. Kila siku pita baada ya mlo uangalie kilichobaki kwenye sahani: robo, nusu, yote. Mwachie anayemlisha karatasi achore duara alitie rangi kadiri mtoto alivyokula. Bibi asiyejua kusoma hulijaza vizuri kuliko sisi.

Prednisoloni itamletea njaa kali baada ya siku chache, na uzito utapanda tena. Hapo bonyeza miguu upya. Shimo lisipobaki, anaongeza mafuta, na huo ndio wakati wa kumpa mama mipaka ya maandazi na soda.

Siku ya kuruhusiwa, andika kwenye kadi ya kliniki au daftari lake, kwa herufi kubwa: tarehe, uzito mkavu, urefu, mzingo wa mkono, alama za mwisho, vyakula alivyozuiwa na kwa sababu ya kipimo gani. Mwonyeshe mama ule mstari kwa kidole, umwambie auonyeshe popote atakapompeleka mtoto akivimba tena, iwe zahanati ya Mbagala au Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Yule mvulana wa dirishani alirudi baada ya miezi minne, amevimba uso. Mama yake alifika mezani na daftari limefunguliwa tayari kwenye ukurasa ule.